Daftari la Mahudhurio

Wakati wa sala, ni mtu mmoja tu kanisani
asiyeruhusiwa kufumba macho. Ndiye mimi.
Rimu ya lori imeshagongwa mara tatu,
ukungu wa Kasulu bado umeikalia migomba,
nami niko benchi la nyuma, karibu na mlango,
penseli sikioni,
nahesabu visogo.

Wanaume thelathini na mmoja,
pamoja na wawili walio nje na pikipiki zao,
ambao wataingia mahubiri yakikaribia kwisha.
Wanawake sitini na wanane.
Watoto sina hakika, hawatulii:
niliyemhesabu kwa mama yake sasa yuko kwa shangazi.
Naandika arobaini, Mungu atanisahihisha.

Niliyoyaona wenzangu wakiwa wamefumba macho
sijayaandika popote.
Mwinjilisti Zabloni akijikuna mguu kwa Kitabu cha Sala.
Dorka wa Umoja wa Mama akiitoa noti ya elfu mbili kwenye bahasha,
akaifunga kwenye pindo la khanga,
akafikiri, akairudisha,
akaitoa tena. Mtoto wake alikuwa na homa, nilijua.
Erasto na Bihinda, walioshtakiana hadi kwa mtendaji
kwa ajili ya mpaka wa shamba la maharage,
tulipoambiwa tupeane amani
walipeana vidole viwili,
kama watu wanaopokezana kaa la moto.
Vidole viwili navyo nilivihesabu.

Ibada ikiisha tunatoka kwenye mnada wa sadaka:
mkungu wa ndizi, nusu debe ya mihogo mikavu,
jogoo asiyekubali kushikwa na mzee wa kanisa.
Bibi Kezia Ntamagendero,
aliyezoea kuingia akisema "Mwakeye!"
hata tukiwa katikati ya ungamo,
kila wiki alileta mayai matatu ndani ya jani la mgomba,
na kila wiki alinunua moja la kwake mwenyewe
kwa bei kuliko ya dukani.
"Hili nimelipenda," alisema,
kana kwamba hajawahi kuliona.

Tulimzika Jumatano, mvua inanyesha.
Udongo mwekundu ulitung'ang'ania viatuni hadi nyumbani.

Jumapili iliyofuata niliandika: wanawake sitini na wanane.
Na iliyofuata.
Sikukusudia. Jicho lilifika benchi la tatu, pembeni mwa nguzo,
mkono ukaandika wenyewe.

Kasisi Gidioni hutufikia mara moja kwa mwezi,
ana makanisa saba na pikipiki moja.
Baada ya Ushirika Mtakatifu alifungua daftari,
akavaa miwani, akarudi nyuma kurasa tatu.
"Katibu, leo nimewahesabu akina mama mezani na waliobaki vitini.
Hapa umezidisha mmoja."
Nikasema, ndiyo, Mchungaji.
"Nani?"
Nikaitazama nguzo.

Alinyamaza. Nje walikuwa bado wanabishana bei ya jogoo.
Nyamwiza, mjukuu wa Bibi, alikuwa anakusanya vitabu vya Tenzi.
Hakugeuka. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa:
"Kwani Katibu huwa unajihesabu?"

Miaka kumi na moja.
Masika na viangazi, Pasaka, vipaimara, Askofu alipokuja na tukajaa hadi uani.
Nilihesabu hata wachanga mgongoni.
Sijajihesabu hata Jumapili moja.

Kasisi alicheka kidogo, kisha akaacha.
"Basi jumla iko sawa," alisema. "Rekebisha safu."
Wanaume nikawafanya thelathini na wawili.
Wanawake nikafuta, nikaandika sitini na saba.
Jumla sikuigusa.

Kifutio changu ni cha bei rahisi.
Ukiliinamisha daftari dirishani,
chini ya saba
nane bado inaonekana.